Baiskeli Iliyohitaji Stuli

Kila asubuhi, kabla cherehani hazijafunuliwa, mjomba wangu alikuwa akijipima kifua.

Alisimama mbele ya kioo cha wateja, akavuta pumzi mpaka vifungo vya shati vikaanza kuombeana dua, akazungusha tepu chini ya makwapa, akasoma namba, kisha akaitangaza kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo ya uchaguzi. Na namba ilikuwa haishuki. Kwa mwendo ule, mjomba angefika uzeeni akiwa mpana kuliko mlango.

Majirani walimwita Fundi Kifua. Yeye alidhani ni sifa.

Sasa, ile tepu. Ilikuwa haina mwanzo. Zamani, akikata suruali ya mteja huku anasimulia alivyowahi kumshonea suti mtu mkubwa sana ambaye hawezi kutajwa, alipitisha mkasi kwenye kitambaa na tepu kwa pamoja, na kipande cha mbele kikaenda na mabaki. Kununua nyingine alikataa. Alisema fundi wa kweli mwanzo anao kichwani.

Na kweli alikuwa nao, maana akimpima mteja alikitoa kile kipande kwa akili, na suruali ikatoka sawasawa. Mkono alikuwa nao, hilo silipingi. Ila akijipima mwenyewe, hakutoa kitu.

Mimi nilikuwa nakaa kwenye stuli yangu, karibu na mlango, na kopo langu la vifungo. Shule niliiacha mapema nikaingia kwenye karakana ya Mama kushona vifungo na kufumua mishono. Kazi hiyo inafundisha kunyamaza. Huwezi kuropoka na mdomo umejaa pini.

Karakana ni ya Mama, na mjomba ni mdogo wake wa kufuatana. Vyumba ni viwili: cha mbele cha cherehani na kioo, cha nyuma cha meza ya pasi, marobota na kitanda changu. Mwaka ule kazi zilikuwa zimekauka. Zipu, viraka, pindo, basi. Mama akaanza kusema kwamba isipopatikana kazi ya maana, chumba cha nyuma kirudishwe kwa mwenye nyumba. Alikuwa akilisema hilo huku anaitazama pasi, asinitazame mimi.

Ndipo akaingia Kapteni.

Siku za kazi anauza dawa kwenye duka la dawa pale kona. Jumamosi anaongoza klabu ya waendesha baiskeli, wale wanaopita wameinama kama wanatafuta sindano barabarani. Alitaka jezi za klabu nzima, na kaptura zake zile zenye sponji makalioni. Kazi ya miezi! Fundi wao wa kwanza, alieleza, aliwashonea jezi nzuri sana za kusimama wima. Ukiinama tu kushika usukani, mgongo wote uko nje. Kwa hiyo safari hii alitaka fundi anayejua baiskeli inamfanyia nini mtu. Akauliza kama humu ndani kuna anayeendesha.

Mama alifungua mdomo kusema ukweli. Mjomba akamtangulia.

"Kapteni," alisema, "hapa kwenye cherehani unaponiona, napumzisha miguu tu."

Akaanza. Kwamba alianza baiskeli ya mbio kabla hajaota ndevu. Kwamba ya kwake kwa sasa iko kwa fundi, inapakwa mafuta. Kwamba yeye kuinama amezoea kuliko kusimama. Kapteni alisikiliza, akasema vizuri, basi Jumamosi aende nao, aone kwa macho yake nguo inavyovutika. Akiridhika naye, wakirudi atapitia hapahapa kuacha malipo ya kuanzia na kupimwa yeye wa kwanza.

Alipotoka, Mama aliweka mkasi chini taratibu.

"Baiskeli ipi?"

"Dada, usinivunje moyo. Baiskeli si kidole, kwamba lazima uzaliwe nayo. Inanunuliwa."

Alikuwa na akiba ya kununulia viatu. Viatu vitasubiri, alisema. Kisha akasimama katikati ya chumba, tepu shingoni, akaapa kwamba kazi hii ni yake, na siku mkono mwingine utakapompima mteja humu ndani na yeye yu hai, atatoka na hatarudi.

Mama akarudi kwenye pindo lake. Mjomba alishatoka na kutorudi mara nyingi sana. Alitoka kwa ajili ya chumvi, akatoka kwa ajili ya redio, na mara zote alirudi kabla chakula chake hakijapoa.

Vitu vilivyotumika huuzwa na mzee mmoja mwisho wa mtaa, kwenye uwanja uliojaa mageti, vitanda vya chuma na majiko yasiyo na milango. Tunamwita Muuza Vyuma. Kabla ya kwenda, mjomba alijipima miguu. Alishikilia tepu pale suruali inapogawanyika, akaishusha mpaka kisigino, akasoma. Akasoma tena, taratibu, kama barua ya mapenzi.

"Mpwa," akaniambia, "miguu hii ilipotea njia kuja kwenye ushonaji."

Nilitazama tepu. Ile ile.

Muuza Vyuma alikuwa na baiskeli mbili za mbio, zote zimetumika, zote zina matairi membamba kama mkanda wa kiunoni na usukani uliojikunja kama pembe za kondoo dume. Ya bluu ilikuwa ya kimo cha kawaida. Nyekundu ilikuwa ndefu mno, unaweza kudhani imetengenezwa kwa ajili ya kupita juu ya ukuta. Mzee alimtazama mjomba mara moja tu, kichwa mpaka viatu, akaisogeza ile ya bluu.

Mjomba alicheka kwa huruma. Akauliza bei. Ya bluu bei hii, nyekundu bei hiyohiyo.

"Bei moja, halafu unanipa kitambaa kidogo?"

Hapo msimcheke upesi. Hata mimi ningejikwaa hapo. Kwenye karakana, somo la kwanza nililopewa, kabla hata ya kushika sindano, ni kwamba ukiwa na shaka chukua kubwa. Nguo kubwa utaipunguza, utaibana, utaikunja pindo. Ndogo utailaumu tu. Mama anaishi hivyo, mjomba anaishi hivyo, na nguo zangu zote zina nafasi ya mtu wa pili ndani.

Akaanza kuikagua ile nyekundu. Nimeona watu wakikagua baiskeli, wanazungusha gurudumu, wanabana breki. Mjomba aliikagua kama koti la mtumba. Alikinusa kiti. Akaipindua akatafuta mishono. Akavuta waya wa breki kuona kama uzi unatoka. Alipofika kwenye usukani akakuta ule utepe uliozungushiwa umebanduka kidogo, akaguna, akamwonyesha mzee kwamba hapa pamefumuka, na bidhaa iliyofumuka ina bei yake. Mzee akapunguza. Akaona kikwaruzo, akakiita doa. Mzee akapunguza tena, nadhani kwa kuchoka, mpaka bei ikalingana na akiba ya viatu.

Mzee akamwambia aipande kwanza, azunguke uwanja. Mjomba akasema mtu mzima hajaribu nguo sokoni watu wakiona.

"Ndugu yangu," mzee alisema, "hiyo ni ya mtu mrefu."

"Leo nimesimama vibaya tu," mjomba alijibu, akalipa.

Tukaenda nayo nyumbani tukiikokota, mmoja kila upande, kama mgonjwa.

Ukweli ulijitokeza mlangoni kwetu. Mjomba alinyanyua mguu kuipanda, mguu ukafika nusu ya safari ukarudi. Akajaribu upande wa pili. Akashusha kiti mpaka kikagonga chuma. Akajaribu kwa kukimbia, na hiyo sitaieleza, kwa sababu ni mjomba wangu.

Hakushtuka hata kidogo. Fundi hashtuki nguo ikiwa kubwa. Alichukua chaki, akapiga mstari kwenye lile bomba la juu, akapiga mwingine chini yake, akamwita fundi baiskeli wa pale kona, akamwonyesha: hapa pakatwe, hapa paungwe, ibaki nafasi kidogo ndani kwa siku za mbele. Fundi baiskeli aliitazama chaki. Akamtazama mjomba. Akauliza kama na mlango nao tunaukunjaga pindo, akaenda zake. Mama aliingiza uso kwenye gauni la mteja akakaa humo muda mrefu.

Ndipo mjomba alipoiona stuli yangu.

Juu ya stuli, mambo yakawa mengine kabisa. Alipanda stuli, akavusha mguu, akakaa, na akishakaa, jamani, alipendeza! Vidole vya miguu vilizifikia pedali kwa zamu, kiuno kikiyumba huku na huku, lakini ilikwenda. Alizunguka mtaa mzima kifua mbele. Kosa lilikuwa kwenye kusimama. Ardhi ilikuwa mbali. Ili ashuke, ilibidi aje polepole aegemee ukuta wetu, nami niitelezeshe stuli chini ya kiatu chake. Tulifanya mazoezi mpaka Ijumaa, tukawa hodari.

"Kushuka si muhimu," aliniambia. "Watu hutazama mwendo."

Jumamosi klabu ilipofika, ilimkuta ameshakaa juu, bega kwenye mwimo wa mlango, tepu shingoni kama nishani, anawatazama kutoka juu kama mfalme aliyechelewesha ikulu nzima. Kapteni akamwamkia kwa heshima. Wakaondoka.

Yaliyotokea huko nasimulia kama walivyosimulia wenyewe.

Kwenye njia panda ya kwanza waendeshaji wote walishusha mguu mmoja kusubiri magari yapite. Mjomba hakuwa na mguu wa kushusha. Akanyoosha mkono juu, akapita katikati ya malori. Klabu ikaduwaa.

Juu ya mlima walisimama kunywa maji. Mjomba akawapita akisema yeye maji huyanywa akifika.

Walipofika kwenye mti wao wa kugeuzia, ambako kila Jumamosi hukaa nusu saa kunyoosha migongo, mjomba aliwazunguka. Akawazunguka tena. Akawa anazunguka huku akiwahutubia kuhusu mikono ya jezi na faida ya kitambaa kinachopumua. Kijana mmoja wa klabu akasema haiwezekani cherehani imshinde, akarudi kwenye baiskeli yake bila kumaliza ndizi. Wengine wakafuata kwa aibu. Kapteni alisema katika miaka yote hajawahi kuona mtu anachukia kupumzika kiasi kile.

Waliingia mtaani kwetu nusu wafu, na mjomba mbele.

Mimi nilikuwa tayari nimesimama na stuli. Lakini mjomba hakuweza kuitumia. Klabu nzima iko mgongoni kwake, inamtazama shujaa wake. Shujaa gani anashushwa kwa stuli kama mtoto anayekwenda kunyolewa? Akanipita akitazama mbele.

Waendeshaji wakashuka. Baiskeli zao wakaziegemeza kwenye ukuta wetu, wote, kutoka kona hadi kona, pasibaki pa kuweka hata kiwiko. Na mmoja wao, Mchinja Nyama, mtu mzito wa huruma, aliiona stuli mkononi mwangu akadhani nimemletea yeye. Akaipokea, akanibariki, akaketi.

Ndani, Kapteni alikunywa maji akamwambia Mama kwamba fundi wenu huyu si mtu wa kawaida. Akatoa bahasha, akaiweka juu ya cherehani. Hakuiachia, vidole vilikuwa bado juu yake. Limebaki jambo moja tu, akasema: aingie anipime.

Mama akatazama nje. Mjomba akapita mlangoni, kutoka kushoto kwenda kulia.

"Fundi, unasubiriwa," Mama akaita.

Sauti ikasema anakuja, anapoza miguu. Kidogo akapita tena, kulia kwenda kushoto. Miguu bado ya moto, akasema.

Aliponikaribia alizungumza bila kusogeza midomo.

"Stuli."

Nikamwonyesha Mchinja Nyama kwa macho. Akaenda, akageuza, akarudi.

"Mwinue."

Nikamgusa Mchinja Nyama begani. Akanitazama kwa upole, akanipa chupa yake tupu, akaniambia ikiwa ya baridi itakuwa vizuri zaidi.

Mjomba akapita tena. Jasho lilikuwa likimtiririka mpaka kwenye tepu. Kiuno kilikuwa kimeacha kuyumba kwa madaha, sasa kilikuwa kikisihi. Waendeshaji wengine walianza kumhesabia mizunguko kwa kupiga makofi.

Mkabala na sisi yuko Muuza Magodoro, ambaye huyasimamisha nje ya duka lake moja nyuma ya jingine. Nilimwona mjomba akiyatazama. Alikata kona pana, ya heshima, kama meli inayoingia bandarini, akaachia mikono yote miwili akayaingia.

Magodoro yaliinama moja baada ya jingine, bila haraka. La mwisho lilipolala, mjomba alikuwa juu yake chali, na baiskeli juu ya mjomba, gurudumu likizunguka.

Makofi yakakatika. Muuza Magodoro akatoka, akamtazama.

"Hilo ulilolalia umeshalinunua," akasema.

Kapteni alivuka barabara. Akainyanyua baiskeli, akaisimamisha wima, na mjomba akasimama kando yake, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kusimama. Klabu nzima ikaona. Bomba la juu lilikuwa limempita kiuno, linaelekea kwenye kile kifua maarufu, na mistari miwili ya chaki ilikuwa bado ipo.

"Fundi," Kapteni akauliza, bila ukali, "baiskeli hii nani alikupimia?"

Angeweza kumsingizia Muuza Vyuma. Nusu ya mtaa ingemwamini. Lakini kumpa mtu mwingine sifa ya kupima, hata kupima vibaya, hilo mjomba hakuliweza.

"Nimepima mwenyewe."

Kapteni akanyoosha mkono akaichukua tepu shingoni kwake. Akaitafuta namba moja. Akaigeuza upande wa pili akaitafuta huko. Halafu akamrudishia, akaikunja vizuri kabla ya kumrudishia, na hiyo ndiyo iliyouma.

Alirudi ndani akasimama mbele ya bahasha yake. Akaishika. Nikaona inaanza kuelekea kwenye mkoba, na nyuma yake, kupitia mlango wa chumba cha pili, nikaona miguu ya kitanda changu.

Mama hakumtetea mdogo wake, wala hakumsema. Alifungua droo, akatoa tepu yake, nzima, ambayo haitumii mjomba akiwepo ili kusiwe na maneno.

"Mimi baiskeli sizijui," akamwambia Kapteni. "Ona kiti hicho. Kishike kama unavyoshika usukani, uiname hivyohivyo, nikupime ukiwa umeinama."

Kapteni akaangalia kiti. Akaweka bahasha chini ili apate mikono miwili. Akainama, na Mama akapitisha tepu kutoka shingoni, juu ya mgongo uliopinda, mpaka kiunoni, akanitajia namba nami nikaziandika kwenye kipande cha karatasi ya kuchorea mikato ya nguo. Namba ya mgongo ilizidi ya mtu yeyote aliyesimama.

"Ee," Kapteni akasema akiwa amekiinamia kiti. "Hapo sasa."

Bahasha haikunyanyuliwa tena.

Mjomba alikuwa mlangoni. Alikuwa amefika wakati uleule mkono wa Mama uko kwenye bega la mteja, tepu ikining'inia. Sisi sote tulikumbuka aliloapa. Yeye alikumbuka zaidi. Akavuta pumzi ile ya asubuhi, mpaka vifungo vikakaa tayari.

"Nilisema," akasema.

Mama alikuwa na pini mdomoni. Akaitikia kwa kichwa, na kwa jicho akanionyesha jiko la uani, maana yake nifunike sahani ya mjomba.

Mjomba akachukua mkasi wake na kofia yake ya kidole, ile ya kuzuia sindano. Akatoka bila kugeuka. Akaishika baiskeli, akaikokota mpaka katikati ya barabara, klabu ikimpisha. Hapo akasimama. Alisimama kitambo akitazama mbali, uso wa mtu aliyemalizana na dunia. Halafu, bila kugeuza kichwa:

"Mpwa. Lete stuli."

Mchinja Nyama aliinuka mwenyewe. Nikaiweka, nikaishika kwa mikono yote miwili isitikisike. Mjomba akapanda, akavusha mguu, akakaa, akanyoosha kola. Akasukuma pedali kwa ncha ya kiatu, akaondoka kifua mbele, akampita Muuza Magodoro ambaye alikuwa ameshaanza kuyaingiza ndani, akakata kona ya duka la dawa.

Chakula chake kilipoa siku ile. Ilikuwa mara ya kwanza.

Jezi tulizishona, klabu inazivaa, migongo yao imefunikwa, na kitanda changu kiko palepale. Mama anasema ndugu yake ana hasira na zitaisha. Muuza Magodoro anasema si hasira, ni bei ya godoro. Waliomwona ni wengi: mmoja alimwona darajani, mwingine kwenye barabara kuu, dereva mmoja wa lori aliapa kwamba alimwona mji wa pili kabisa. Wote wanasema alikuwa anapita. Hakuna hata mmoja aliyemwona amesimama.

Kila asubuhi, kabla sijashika kopo la vifungo, naitoa stuli nje naiweka kando ya ukuta. Mimi sidhani mjomba ana hasira na mtu. Hajapata pa kushukia tu.